Ukuta wa Mbele

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, weka mwiko chini. Najua barua zangu unazisomea jikoni, umeegemea gunia la mchele, na wapishi wenzako wanajifanya wanachambua maharage kumbe wametega masikio. Basi wasogezee mbali vyombo vinavyovunjika.

Ukuta wa makaburi umejengwa.

Ungekuwa hapa ungeuona, na hapo ndipo penye tatizo, maana kila mtu anauona. Ni mrefu kunipita mimi, ingawa hiyo si sifa, hata kuku akinyoosha shingo ananipita. Umepakwa nyeupe juu na bluu chini, umeandikwa jina la Halmashauri kwa herufi zinazosomeka na mtu aliye ndani ya basi, tena basi likiwa mwendoni. Una maua. Una taa. Kitu kimoja tu ambacho hauna ni bahari ya kuzuia, kwa sababu haukujengwa upande wa bahari. Umejengwa upande wa barabara.

Soma tena sentensi hiyo ukitaka. Mimi niliitazama kwa macho na bado nikarudi kesho yake kuhakikisha.

Kule kwenye maji hakuna kilichobadilika ila maji yenyewe. Ukingo umemeguka tena. Kaburi la mwalimu wa kwaya limekwenda lote, la yule mama muuza mikate limebaki nusu, na anayefuata kwenye mstari ni mama yetu. Msalaba wake bado umesimama. Lakini nikilala kifudifudi miguuni pake na kunyoosha mkono, vidole vinashika hewa. Nilifanya hivyo Jumapili baada ya ibada, na suti yangu ileile unayosema ilishonewa mtu mwingine. Mchimba makaburi akanikuta pale chini, akaniuliza kama nimekuja kupima changu.

Mchungaji aliubariki ukuta siku ya uzinduzi. Alisema ni ngao ya waliolala. Mwenyekiti wa Halmashauri akakata utepe, watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono yangu ina tabia ya kufuata ya wenzangu.

Na usiniulize kama nilimwambia Mwenyekiti lolote. Asubuhi ileile alikuwa kwenye kiti changu cha kunyolea. Nilikuwa na wembe shingoni mwake, dada. Mtu mwingine angesema hapo ndipo mazungumzo huwa mazuri. Akaniuliza, "Umeuona ukuta wetu?" Nikasema, "Umependeza, Mheshimiwa." Kisha nikampaka spiriti polepole, nikimpulizia asiumie.

Mdogo wako,
kinyozi asiye na nywele

*

11 Februari

Kipara,

Marahaba. Maharage ya shule nzima yameungua na mwenye kosa ni wewe. Usinipigie simu kujieleza. Kwenye simu kila nikipandisha sauti mtandao unakuwa mbaya, tena upande wako tu. Barua haina mtandao. Kaa usome.

Umependeza, Mheshimiwa! Ulimpulizia! Mama alizaa watoto wawili, nadhani ulimi wote ulitoka na mimi.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, nilisimama katika ukumbi wa kanisa mbele ya Mwenyekiti, Mchungaji na yule injinia mgeni mwenye viatu vipya. Sikuomba fadhila. Niliwaambia kwamba mama yetu alifagia kanisa lile tangu akiwa msichana, wala hakuna aliyewahi kumsogezea hata kiti, na kila Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, ufagio ukiwa magotini kama mjukuu. Nikawaambia alichotuusia: "Kanisani nimekaa nyuma maisha yangu yote. Mkinizika, nizikeni mbele." Tukamzika mbele. Ukumbi mzima ulisimama. Wewe mwenyewe ulilia, usibishe, nilikuona ukijifuta kwa taulo la kazini lenye nywele za watu.

Kwa hiyo walinisikia. Kila mtu pale alijua tunaongelea nini. Nani basi aligeuza maneno yangu? Kati ya ukumbi wa kanisa na ofisi ya Halmashauri kuna mwendo wa kumaliza pipi moja, na ndani ya mwendo huo mtu kauchukua ukuta wa mama akauweka barabarani. Nataka jina lake.

Unajua walichofanya? Mtu anazama, wao wamekwenda kufunga pazia ili wapita njia wasimwone.

Siwezi kutoka hapa mpaka shule ifunge. Nikiondoka leo, watoto hawa watapikiwa na mlinzi. Nenda wewe. Nenda Halmashauri, nenda kwa Mchungaji, nenda kila ofisi yenye mlango. Halmashauri nawaandikia pia mwenyewe, leo hii, na sitaandika kwa lugha ya kinyozi.

Dada yako

*

20 Februari

Dada,

Shikamoo, na poleni na maharage.

Nimekwenda. Nilifunga kibanda changu, nikavaa suti ya yule mtu mwingine, nikazunguka na kofia mkononi mpaka kofia ikachoka.

Halmashauri nilipokewa na karani anayekula karanga juu ya meza ya mapokezi. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema makaburi ni mambo ya kanisa, wao walijenga ukuta kwa moyo wa kujitolea tu. Nikaenda kanisani. Mchungaji alinikalisha, akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, nikajua hapa sipati kitu. Akasema roho ni za Bwana na udongo ni wa Halmashauri, kanisa katikati hapo halina lake. Nikamkumbusha kuhusu ufagio wa mama. Akafumba macho, akasema mama yetu alikuwa nguzo. Nikamwambia nguzo hiyo inakwenda na maji. Akasema tuombe. Tukaomba, dada, nifanyeje? Nilipofumbua macho alikuwa anatazama saa.

Basi nikapanda mlimani kwa kanisa lile jingine, maana nao wanazika palepale. Mzee wa kanisa lao akaniambia mistari iliyo karibu na maji ni ya "watu wa chini", yaani sisi, wao wamelala juu na hawana wasiwasi. Nikamjibu kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Akacheka sana, akasema kweli wewe ni kinyozi. Sikuwa natania.

Mwisho nikafika ofisi ya ardhi. Huko nilipewa habari njema. Wana ramani ukutani, ina rangi ya chai, na kwenye ramani hiyo kati ya makaburi na bahari kuna uwanja mkubwa kiasi cha kuchezea mpira. Yule bwana akaweka ncha ya kalamu pale alipo mama, akaniambia, "Huyu yuko salama kabisa. Amezungukwa na nchi kavu." Nikamwomba aje aone. Akasema wao hufanya kazi kwa ramani.

Wote wamevaa miwani ya mbao. Hunijui mimi kwa hasira, lakini nilipotoka pale nilimsalimia mbwa wa mtu kwa ukali.

Kuhusu jina la aliyegeuza maneno yako, nimeuliza, sikupata jina la maana. Hayo ni mambo ya lugha tu, tuyaache. Na ile barua yako kwa Halmashauri, kama hujaituma, iwashie jiko. Nakuomba kama mdogo wako. Watu wale hawajibiki kwa barua, utajichosha bure.

Wako,
Kipara

*

OFISI YA KATIBU WA HALMASHAURI
28 Februari

Kwa Mpishi Mkuu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKUTA WA MAKABURI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi imepokea barua yako ambayo, licha ya lugha iliyotumika, imesomwa.

Tunapenda kukufahamisha kuwa ukuta umejengwa mbele ya makaburi, kama wananchi walivyoomba kupitia kwako wewe mwenyewe katika mkutano wa Agosti. Maneno yako yalikuwa haya: "Tunataka ukuta mbele ya makaburi. Si pembeni, si nyuma. Mbele!" Ofisi inakumbuka kwamba ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi, akiwemo ndugu yako kinyozi, ambaye pia tulimsomea maneno hayo alipofika hapa kuuliza.

Kwa taarifa yako, mbele ya eneo lolote ni upande unaopakana na barabara.

Endapo wananchi wana changamoto upande wa nyuma, wanashauriwa kuleta ombi jipya likitaja upande huo, nalo litafikiriwa kwa wakati wake.

Halmashauri inawatakia marehemu wote mapumziko mema.

Katibu

*

7 Machi

Mdogo wangu,

Ulijua.

Walikusomea maneno yangu mwenyewe, ukarudi nyumbani ukaniandikia habari za karani na karanga zake. "Mambo ya lugha tu, tuyaache." Ulitaka nisijue kwamba aliyeuweka ukuta wa mama barabarani ni mimi.

Siku mbili hizi nimepika kimya. Wapishi wamedhani naumwa.

Mbele. Nyumba yetu mlango wake ulitazama bahari, wa jirani pia, na mji wote ule wa chini. Mama akisema nendeni mkacheze mbele, hakuna mtoto aliyewahi kukimbilia barabarani. Ndiyo maana hata yeye alisema mbele. Mimi nikasimama na kulitamka neno la nyumbani kwetu mbele ya watu waliofika kwa gari, nikajiona nimesema kila kitu. Nilirudia mara mbili, bado. Nilipiga na mguu chini.

Hilo ni langu, nalibeba. Sasa sikiliza.

Kosa langu ni neno moja. Injinia yule alikwenda pale na kamba ya kupimia. Mchimba makaburi alituambia sote kwamba viatu vyake vipya viliingia maji ya chumvi. Alikuwa amesimama kwenye maji, anatazama mwalimu wa kwaya anavyoning'inia, halafu akageuka akaenda kujenga kwenye vumbi. Sikio lake lilisikia neno baya, sawa. Macho yake je? Macho yalikuwa mazima yote mawili.

Na Mwenyekiti hana hata udhuru wa ugeni. Kazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi yake kalala mstari wa pili nyuma ya mama. Akija kwetu kumtafuta kaka yake alikuwa akiuliza, "Yuko mbele anaogelea?" Leo Katibu wake ananifundisha mbele ni wapi!

Unajua kinachoniuma kuliko vyote? Mimi nimesema, nikakosea. Wewe hujakosea neno hata siku moja, kwa sababu hujawahi kulisema.

Dada yako

*

17 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaikunja nikaiweka kwenye mfuko wa koti la kazi, na tangu siku hiyo kila nikiinama inanichoma mbavuni kama kitana.

Ni kweli nilikuficha. Ile hotuba ndiyo kitu pekee nilichowahi kuona ukijivunia bila kutukana mtu, nikaona nisikunyang'anye. Kumbe nilikuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nisamehe, na nisikilize, kwa sababu Alhamisi iliyopita mambo mawili yalikaa kwenye kiti changu, moja baada ya jingine.

La kwanza ni injinia. Anahama, alikuja kupunguza nywele kabla ya safari, na mtu anayehama huwa mwepesi wa mdomo. Sikumuuliza kitu. Nilimfunga tu kitambaa shingoni, akaanza mwenyewe. Anasema alipofika makaburini na kuona maji yanavyokula ule ukingo, alishangaa watu waombe ukuta barabarani. Akamwendea Mwenyekiti, akamuuliza wanaposema mbele wanamaanisha wapi. Mwenyekiti akamjibu barabarani. Akamuuliza tena siku nyingine, mchana kweupe, wamesimama palepale. Mwenyekiti akamwambia, "Bwana, wageni wetu hupita baharini au hupita barabarani? Jenga."

Nilizima mashine. Nikasafisha meno ya mashine kwa brashi, jino moja moja.

Basi neno lako halikuwatatiza, dada. Liliwafaa. Walilikuta njiani, likawaenea, wakalivaa.

Injinia alipotoka, akaingia Mwenyekiti. Siku hiyo walikuwa wanakuja wageni wa mikoa mingine kuutazama ukuta ili nao wakajenge kama huo. Alikuwa na simu sikioni tangu mlangoni. Unajua nywele zake, nyeusi na nene kama za kijana, anazipenda kuliko wapiga kura. Akaweka kiganja juu ya simu, akaniambia, "Mbele tu, upunguze kidogo. Nyuma usiguse." Akaendelea kuongea.

Nilisimama nyuma ya kiti, mahali ninaposimama siku zote. Nikamtazama kisogo. Nikafikiri: kwa mtu aliyesimama hapa nilipo, mbele ni ipi?

Nikanyoa. Kisogo chote, sikio hadi sikio, mpaka kikang'aa kama changu. Kwa upande wa uso sikugusa hata unywele mmoja. Yeye alikuwa anaongea kuhusu viti vya wageni. Nikamwonyesha kioo cha ukutani, akajiona uso, akapangusa nyusi, akaondoka ameridhika.

Niliambiwa hotuba ilikwenda vizuri kwa muda wote alipokuwa amewaelekea wageni. Kisha akageuka kuwaonyesha ukuta.

Mchimba makaburi anasema alianza kucheka mtoto mmoja, halafu hakuna aliyeweza kuzuia. Hata Mchungaji aliinamisha kichwa kama anayeomba, mabega yanaruka.

Kesho yake asubuhi Mwenyekiti alikuja amevaa kofia ya sufu kwenye jua hili. Hakukaa. Akasema, "Nilikwambia mbele."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, inategemea mtu anatokea wapi."

Nilisema hivyo mimi. Kwa sauti.

Mdogo wako,
Kipara

*

25 Machi

Kipara,

Nimewasomea wapishi. Yule wa chapati amelala chini sakafuni akilia kwa kucheka, na mlinzi ameomba nimsomee dirishani. Mama angekupa benchi lake la nyuma na ufagio juu yake.

Nimecheka na mimi. Kisha nikaosha masufuria, kicheko kikaisha, nikakumbuka mama bado yuko palepale na maji yako palepale. Mwezi ujao ni bamvua kubwa, bahari itajaa kupita kawaida. Unajua maji hayo hufika wapi.

Kisogo cha mtu si ukuta. Nywele hazizuii bahari, mdogo wangu.

Na jihadhari. Mtu aliyechekwa na mji mzima hasahau.

Dada yako

*

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ulisema hasahau, na kweli hakusahau. Siku chache tu baada ya barua yako Bwana Afya aliingia kibandani kwangu. Miaka yote amekuja kunyolewa, safari hii amekuja kukagua. Kagusa kiti, kanusa taulo, katazama wembe kama anautazama kwa mara ya kwanza. Kaandika kwamba vifaa havichemshwi, sakafu ina nywele. Sakafu ya kinyozi ina nywele! Akafunga mlango kwa kufuli ya Halmashauri. Aliponitazama alikuwa na aibu, shavu lake nililiacha laini mimi mwenyewe Jumamosi.

Nikakaa nje juu ya kizingiti. Nilikuwa nimebaki na kiti tu, kwa sababu kilikuwa nje kinakauka, na vifaa vilivyokuwa mfukoni mwa koti la kazi. Na lile neno lako, kwamba nywele hazizuii bahari. Nililitafuna kama mtu anayetafuta mfupa ndani yake.

Halafu nikakibeba kiti kichwani. Nikapita barabarani, nikauzunguka ule ukuta wao mzuri, nikaenda kukiweka miguuni kwa mama, upande wa maji. Kule hakuna sakafu ya kukagua. Nikachemsha vifaa vyangu kwenye sufuria hadharani, kila mtu aone. Na kwenye kipande cha boksi nikaandika bei: KUNYOA, JIWE MOJA.

Wa kwanza alikuwa mchimba makaburi. Alikuja na jiwe la kutosha kumvunja mtu mgongo, akaliteremsha chini ya ukingo pale anapojua yeye maji huuma, akakaa. Nikamnyoa vizuri kuliko bwana harusi. Alasiri wakaja wavuvi, wakaja watu wa sokoni. Wanafunzi wa sekondari walikuja darasa zima. Kisha wale vinyozi wawili wa stendi, wapinzani wangu, ambao mwaka mzima huwaambia watu kuwa mashine yangu inauma, wakaja na viti vyao vichwani, wakavipanga kando ya changu. Wakasema siwezi kula sifa peke yangu. Sasa mji huu ukitaka kunyolewa, unakuja kwa mama na jiwe.

Hapa sina budi kukuambia jambo ambalo Halmashauri italiita uhalifu. Mawe ya karibu yalikwisha upesi, na watu ni wavivu. Mtu mmoja, sitamtaja ingawa anaimba besi kwaya ya mlimani, aligundua kwamba pale barabarani kuna matofali mazuri, tayari yamekatwa, tayari yamepakwa rangi. Baada yake sikuuliza tena mtu jiwe lake limetoka wapi. Ukuta wa barabarani umepungua urefu. Sasa hata mimi naona juu yake. Wa huku chini unapanda. Una mawe, una matofali meupe na ya bluu, na katikati kuna herufi za jina la Halmashauri zilizochanganyika hazisomeki. Mchungaji alikuja kutazama. Sikumsalimia kwanza, nilimwonyesha kibao cha bei. Alirudi na tofali kwenye kanzu yake, kanzu ikachafuka, na nilimwona amesimama kwenye msalaba wa mama kwa muda, mikono imening'inia. Ilimfaa kuliko mahubiri.

Bamvua lilikuja wiki iliyopita. Tulikaa pale tangu asubuhi tukitazama. Maji yalipanda, yakapiga mawe, yakapiga tena, yakatung'olea safu ya juu. Hayakufika kwa mama. Nililala tena kifudifudi kupima, na safari hii vidole vyangu viligusa tofali.

Na sasa lile ambalo nimelibana tangu mwanzo wa barua.

Jana mchana alikuja Mwenyekiti. Peke yake, kofia ya sufu imefika nyusini. Nywele za mbele zimerefuka, kisogo kimeota manyoya ya kifaranga, na kesho ana mkutano kwa wakubwa. Vinyozi wote wa mji wako hapa, angekwenda wapi? Alikuwa amekumbatia tofali lililopakwa bluu, limemchafua shati, na pumzi imemwisha.

Hakutukana, hakuomba. Aliniuliza tu aliweke wapi.

Nikamwambia, "Weka mbele, Mheshimiwa."

Nilisubiri, dada. Nilitaka kuona shingo ikigeuka kuangalia barabara. Nilitaka aniulize mbele ni wapi, kama alivyoulizwa na injinia, kama Katibu wake alivyokufundisha wewe kwa barua yenye mhuri.

Hakuuliza. Alipita kando ya bibi yake, akapita kando ya mama, akashuka moja kwa moja kwenye maji na viatu vyake, akaliweka.

Nikamnyoa. Pande zote.

Mdogo wako,
Kipara

*

27 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Shule inafunga Ijumaa. Nakuja na mwiko, na wapishi wawili wenye mikono mizuri ya kubeba.

Tofali moja si ukuta, na usinipe habari za viatu vyake kulowa. Vya injinia pia vililowa. Sijamsamehe. Mwambie tu kwamba nywele huota, na bei ni ileile.

Dada yako